Video ya harusi iliyoziba seva ya barua ofisini, na mlango tulioweka bila kusoma barua za watu

MtuWaLangoni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wadau. Kila baada ya wiki chache mtu anauliza humu afanyeje, wafanyakazi wanajaza seva kwa barua zao binafsi. Majibu huwa mafupi: "weka kikomo", "wafungie". Mimi limenikuta, nikaungua, na nimeona niandike kwa kirefu ili mwingine asiungue.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika ofisi moja hapa Lamu mjini. Tuna akaunti 43 na seva yetu wenyewe ya barua, inayotumia programu za Postfix na Dovecot, iliyo kwenye chumba kimoja na majalada ya zamani. Mtandao wetu unavuka maji kwa mawimbi ya redio kutoka upande wa bara. Kupakua si kubaya. Kupakia ni 1 Mbps, yaani megabiti moja kwa sekunde, siku ikiwa njema.

Ijumaa moja ya Shaabani, msimu ambao harusi zinafuatana kabla ya Ramadhani, dada mmoja mwenzetu alitumiwa video ya harusi ya binti wa dadake. Mpiga picha alipewa anwani ya ofisi kwa sababu ndiyo anwani pekee ambayo mama wa bibi harusi aliikumbuka kwa moyo. Saa tatu na nusu asubuhi mwenzetu akataka kumpelekea shoga yake wa idara nyingine. Akaandika herufi mbili za kwanza za jina, "wa", na programu ikamalizia yenyewe: wote, anwani inayofika kwa kila mtu ofisini. Akabonyeza.

Anayejua harusi za huku ameshaelewa. Ile ilikuwa shughuli ya wanawake. Bibi harusi na mashoga zake, vichwa wazi, hina imepanda hadi viwikoni. Kwenye shughuli kama hizo hata simu hukusanywa mlangoni. Na sasa iko katika masanduku 43, zaidi ya nusu yakiwa ya wanaume.

Yeye ndiye aliyenieleza yaliyomo. Mimi sikuifungua, na nitarudi kwenye jambo hili kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Kwanza hesabu. Video ilikuwa MB 18. Barua pepe haibebi faili kama lilivyo, hulibadilisha liwe herufi kwa mtindo wa base64, kila baiti 3 zikaandikwa kwa herufi 4. Ongeza na alama za mwisho wa mistari, MB 18 zikawa karibu MB 24.6. Mara 43, ni zaidi ya GB 1 kwenye diski ambayo tayari ilikuwa inapumua kwa shida. Hilo ni la ndani. La nje ndilo lililotumaliza: wenzetu 19 walikuwa wamejiwekea kwamba kila barua ya ofisi ielekezwe pia kwenye Gmail zao. Kwa 1 Mbps, nakala moja inataka dakika tatu na sekunde 17 hata kama hakuna mwingine anayetumia laini. Nakala 19 ni zaidi ya saa nzima. Tena SMTP, lugha ambayo seva hupelekeana barua, haijui kuendelea palipokatikia. Laini ikikatika nakala imebakiza kidogo tu, safari huanza upya kutoka sifuri. Asubuhi ile ilikatika mara nne.

Nilipopiga mailq, amri ya kuonyesha foleni ya barua zinazongoja, nikaona mstari juu ya mstari wenye uzito uleule, na katikati yake barua ndogondogo za kazi zimekwama kama abiria gatini Mokowe siku boti ni moja.

Saa nne na robo diski ikajaa. Seva ikaanza kuwajibu wanaobisha kutoka nje 452, maana yake sina nafasi, rudi baadaye. Mmoja wa waliojibiwa hivyo alikuwa muuzaji wa saruji, analeta bei yake ya zabuni. Mwisho wa kupokea ulikuwa saa sita adhuhuri. Alituma saa nne na nusu. Seva yake iliendelea kujaribu yenyewe, kama inavyopaswa, ikaingia saa nane kasorobo. Nilichapisha mistari ya logi, kumbukumbu ambayo seva hujiandikia, inayoonyesha saa aliyobisha hodi mara ya kwanza, nikaipeleka mbele ya kamati, wakamkubali. Lakini fikiria kama logi ingekuwa imefutwa.

Kosa la msingi lilikuwa langu. Postfix huja na kikomo cha baiti 10,240,000 kwa barua moja. Miaka miwili kabla, kulikuwa na ramani kubwa ya kupeleka haraka, nikaweka message_size_limit = 0, yaani bila kikomo kabisa, nikakusudia kurudisha jioni ileile. Sikurudisha.

Nitaendelea baada ya Alasiri.

Karani_Malindi

Pole fundi, na pole zaidi kwa huyo dada. Lakini nataka kusema kabla hujafika kwenye dawa, kwa sababu nyinyi mafundi dawa yenu huwa inatunywesha sisi.

Huku Malindi fundi wetu aliweka kikomo cha MB 5 bila kumwambia mtu. Kila Alhamisi napokea ripoti kutoka kwa wenzetu wa mashinani, ina picha kama 30 za kazi iliyofanyika. Alhamisi hiyo haikuja. Nikangoja siku mbili, nikawapigia kwa ukali kwamba hawajatuma. Wao wanaapa wametuma. Kumbe seva ilikuwa inapokea na kuitupa kimyakimya, haimwambii aliyetuma wala anayengoja. Nilimvunjia mtu heshima bure. Msituwekee mambo gizani.

MtuWaLangoni (mwanzisha uzi)

Bi. Karani, umenitangulia mahali ambapo nilitaka kufika, na nashukuru umelisema wewe.

Kuna njia mbili za kukataa barua. Ya kwanza, seva inaipokea, inamwambia aliyeleta "sawa, nimechukua", kisha ndani inaitupa. Hiyo ndiyo iliyokupata, na kwangu mimi ni udanganyifu. Ukishasema umepokea amana, umeibeba. Ya pili ni kukataa mlangoni, mazungumzo ya SMTP yakiwa bado yanaendelea: unajibu 550, namba ya kukataa kabisa, na sababu yake, na seva ya aliyetuma ndiyo inayomrudishia mwenyewe taarifa. Hakuna anayengoja kitu ambacho hakiji.

Wengine hujaribu njia ya katikati: wanapokea, kisha baadaye seva yao inaandika barua ya kukataa na kuirudisha. Msifanye hivyo. Barua za ulaghai huja na anwani ya mtumaji iliyoghushiwa, kwa hiyo taarifa yako inakwenda kwa mtu asiyejua lolote, na ukiwatumia wengi hivyo seva yako inaingizwa kwenye orodha za watuma takataka.

Na jambo moja lililonifurahisha kwa kweli. Jibu la SMTP kwa kawaida huandikwa kwa herufi za ASCII, zile za kawaida zisizo na alama juu, na Kiswahili chetu hakihitaji zaidi ya hizo. Kwa hiyo sisi tumeandika sababu kwa Kiswahili. Anayetuma faili lisilokubalika anasoma: "550 5.7.1 Faili la aina hii halipokewi hapa. Tafadhali piga simu ofisini upewe njia nyingine." Tangu tuweke, watu wanapiga simu kweli. Zamani walikuwa wanaona maneno ya Kiingereza yenye namba, wanadhani ni virusi, wanafuta.

Kuhusu picha zako 30: picha ya simu za siku hizi mara nyingi ni MB 3 au zaidi. Ikipunguzwa upana hadi pikseli 1600 inabaki KB mia kadhaa, na kwa ripoti inatosha kabisa. Lakini hilo ni la kuwafundisha wale wanaotuma, wakiwa wamekaa na simu zao mkononi. Si la kuwabana kwanza ndipo wajifunze.

Sasa niendelee na ile Ijumaa.

Yule dada alikuja chumbani kwangu uso umemvuka jasho, hajui aanzie wapi. Aliniomba nifute kwenye masanduku yote kabla watu hawajatoka msikitini, maana wengi walikuwa bado hawajafungua barua zao. Kila barua ina namba yake ya pekee kwenye kichwa, Message-ID. Niliitoa kwenye logi, nikaipa amri ya doveadm expunge kwa akaunti zote, na ikaondoka kwenye masanduku yote 43 bila mimi kuona hata picha moja. Nilimwomba akae pembeni yangu aangalie kioo, aone nilichofanya na nisichofanya. Kisha nikaifuta kwenye foleni.

Lakini nakala 11 zilikuwa zimeshafika Gmail za watu. Huko mkono wangu haufiki.

Pwani_Mitambo

Fundi, mimi nina ofisi ya watu 60 na dawa yangu ni rahisi. Kila barua inayotoka na kuingia nakala yake inaniangukia mimi. Nikiona mtu anapiga soga za nyumbani au anatafuta kazi kwingine, namwita. Postfix ina always_bcc, ni mstari mmoja tu. Wiki ya pili wote wamenyooka.

MtuWaLangoni (mwanzisha uzi)

Ndugu yangu, kwa heshima zote, ondoa mstari huo leo hii.

Najua kwamba mitambo ni ya ofisi. Lakini Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, na mawasiliano yake yametajwa humo waziwazi. Kisha kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019: mtu unayekusanya habari zake ana haki ya kujua unazikusanya na kwa ajili gani. Wewe umekusanya za watu 60 na za kila aliyewaandikia, hawajui. Ndani yake zimo barua za daktari, za mirathi, za mtoto kukosa karo. Na zote zimelundikana kwenye sanduku moja lenye nywila moja, yako. Akiipata mwizi, amepata ofisi nzima.

Zaidi ya sheria, huhitaji kusoma. Angalia yaliyotupata sisi: tatizo lilikuwa uzito, lilikuwa anwani ya "wote", lilikuwa kuelekeza barua nje. Hakuna hata moja linalohitaji jicho la mtu ndani ya barua. Logi ya kawaida inakuonyesha nani, kwa nani, saa ngapi, uzito gani. Maneno haina. Inatosha.

Kama nilikuwa mtu wa kusoma, ile video ningeifungua "kuhakikisha". Na yule dada asingeweza kunitazama usoni tena, wala mimi mumewe.

Pwani_Mitambo

Hapo kwenye sanduku moja umenigusa, sikuwahi kulifikiria hivyo. Nitazungumza na mkubwa wangu. Lakini basi umeweka nini badala yake?

MtuWaLangoni (mwanzisha uzi)

Ahsante kwa kusikia. Tulichoweka ni hiki.

Cha kwanza ni ile anwani ya "wote", maana ndiyo iliyofungua balaa. Sasa wanaoweza kuiandikia ni watu wanne tu. Kwenye Postfix unaweka sharti kwenye anwani ya mpokeaji: barua ikiwa inakwenda "wote", anayetuma awe kwenye orodha ile, la sivyo inakataliwa hapohapo. Msiishie hapo, maana anwani ya mtumaji inaghushiwa kirahisi. Lazima awe ameingia kwa nywila yake, na jina aliloingilia lilingane na anwani anayotuma kwayo. Kuna sharti la reject_sender_login_mismatch kwa kazi hiyo. Nilimwomba pia kila mtu afungue programu yake aifute "wote" kwenye majina inayokamilisha yenyewe. Kazi ya dakika moja kwa meza. Nilizunguka siku mbili.

Pili, nimeondoa kabisa kule kuelekeza barua nje. Hapa palikuwa na mzozo, na mpaka leo wapo walioninunia. Sababu si kasi ya laini peke yake. Barua ya mtu wa nje ikipita kwetu kisha tukaisukuma Gmail, Gmail inaona seva yetu inatuma kwa jina la kikoa (lile jina baada ya @) kisicho chetu. Ukaguzi wa SPF, unaouliza kama seva hii ina ruhusa ya kutuma kwa jina la kikoa hicho, unaanguka. Na spamu iliyotuponyoka tukaielekeza huko, kwa macho ya Gmail sisi ndio tulioituma. Tulikuwa tunajichafulia jina kila siku, halafu tunashangaa barua zetu halali zinatua kwenye takataka za watu. Badala yake kila mtu nimemwekea sanduku la ofisi kwenye simu yake kwa IMAP, njia ya kusoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva. Anasoma akiwa Shela, anasoma akiwa Faza, barua haijahama.

Kikomo cha uzito nimekirudisha kwenye kile cha asili. Kumbukeni ile hesabu ya base64: baiti 10,240,000 zinabeba faili la takriban MB 7.4, si 10. Nimewaambia watu "MB 7" ili wasije kulaumiana. Kilicho kikubwa zaidi kinawekwa kwenye folda ya pamoja, kwenye barua kinakwenda kiungo chake tu. Wanaoitaka wanaipakua mara moja wakati wanaoutaka wao.

Barua binafsi hatujazikataza. Tulikaa kikao, na mkubwa wetu, Mungu amjaze kheri, alianza kwa kuuliza: mbona mnatumia ya ofisi? Majibu yalikuwa mepesi kuliko nilivyodhani. Watatu hawakuwa na anwani nyingine kabisa. Wengi walikuwa nazo lakini wamesahau nywila. Nikawafungulia na kuwarejeshea mmoja mmoja, jioni tatu. Baada ya hapo, bila amri yoyote, barua za maduka na za vyama zikaanza kupungua zenyewe.

Fundi_Kilifi

Uzi mzuri. Swali: aina za mafaili je? Hapo uzito hausaidii, virusi vingi ni KB chache tu.

MtuWaLangoni (mwanzisha uzi)

Kweli kabisa. Wakongwe wanakumbuka Mei 2000, ile barua ya virusi ya ILOVEYOU. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na kwa kuwa Windows ilikuwa inaficha mkia wa mwisho wa jina, mtu aliona TXT akadhani ni maandishi tu, kumbe .vbs ni programu. Windows bado inaficha mkia huo usipoizuia, na hila ni ileile. Siku hizi ni "ankara.pdf.exe".

Sisi tumetumia mime_header_checks ya Postfix: jina la kiambatisho likiishia na exe, scr, vbs, js, bat, cmd, na jamaa zake, inakataliwa mlangoni. Sijaona kazi halali ya ofisi inayohitaji kutumiwa faili la namna hiyo. Kinga hii ni ya jina tu, lakini. Aliyebadilisha jina anapita, na kilichofungwa ndani ya ZIP hakionekani. Kwa hilo unahitaji kifaa kinachofungua na kutazama mwanzo wa faili lenyewe: programu ya Windows huanza na herufi MZ, PDF huanza na %PDF, ZIP huanza na PK, hata liitwe vipi. Rspamd au Amavis wanaifanya kazi hiyo, na ClamAV, kinga ya virusi, nyuma yao. Tahadhari moja: docx na xlsx nazo kwa ndani ni ZIP. Ukikataza kila kinachoanza na PK umekataza barua zote za ofisi.

ZIP zenye nywila hazifunguki na vifaa hivi bila nywila hiyo. Hizo tunazishika pembeni, mpokeaji anaarifiwa, anampigia mtumaji: ni wewe kweli? Akisema ndiye, naiachia. Huwa ni chache mno kwa mwezi.

Kwa matangazo ya maduka, kuna alama kwenye kichwa cha barua, List-Unsubscribe. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinawataka watumaji wakubwa waiweke, kwa hiyo iko karibu kila mahali. Kanuni ndogo ya Sieve, lugha ya kupanga barua masandukuni, inazipeleka barua hizo kwenye folda ya "Matangazo". Hazifutwi, hazisomwi, zinakaa kando. Angalieni tu orodha halali za kikazi zisiende nazo; sisi ilitubidi tuziondoe mbili siku ya kwanza.

Karani_Malindi

Nimemwonyesha fundi wetu uzi huu. Amebadilisha leo, sasa inakataa na kusema. Tumejaribu: mwenzetu wa mashinani ametuma faili kubwa kusudi, baada ya muda mfupi akanipigia, ananisomea sentensi ya Kiswahili kwenye simu neno kwa neno. Nimemwomba radhi kwa yale ya siku ile.

Lakini fundi, hukutumalizia. Zile nakala 11 zilizofika Gmail za watu, ilikuwaje?

MtuWaLangoni (mwanzisha uzi)

Nilimpa yule dada majina 11 kutoka kwenye logi, kwa ruhusa ya mkubwa wetu. Nilisema nitawapigia mimi, akakataa, akasema ni aibu yake ataibeba mwenyewe. Alizunguka meza hadi meza mchana ule. Hakueleza mengi: "Kuna barua yangu imekuja kwako kwa makosa, nakuomba uifute mbele yangu, usiifungue." Tisa waliifuta palepale, na kwenye takataka pia. Wa kumi alikuwa Mombasa, alimpigia.

Wa mwisho alikuwa likizo kwao Pate, simu haipatikani. Dada hakulala vizuri siku tatu. Jumatatu asubuhi yule bwana akatoka gatini moja kwa moja hadi mezani kwake, begi bado liko begani, akamwekea simu mbele: barua haijafunguliwa, kichwa chake bado kiko kwa herufi nzito. Akampa aifute yeye mwenyewe kwa mkono wake.